Kuandaa tamasha la filamu za wanawake weusi na wengine wasio wazungu: mwongozo kamili, kuanzia kalenda hadi projekta

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watano hadi kumi wanaotaka kuandaa tamasha la siku tatu katika ukumbi mmoja, kwa ajili ya filamu zilizoongozwa na wanawake weusi na wengine wasio wazungu. Kiwango hicho kinatosha kabisa kuanzia. Reel Sisters of the Diaspora, lililoanza mwaka 1997 Brooklyn, New York, leo ni tamasha ambalo tuzo yake inaweza kuifuzisha filamu fupi kufikiriwa kwa Oscar, lakini hadhi hiyo hutolewa na Akademi yenyewe, taasisi ya Marekani inayotoa Oscar, na haiji kwa kujitangazia. Tamasha changa lisiahidi wala kudokeza kitu kama hicho.

Mwongozaji amesaidiwa pale filamu yake inapoonekana na kusikika sawasawa, naye akaondoka na malipo mkononi na mawasiliano ya mtu anayeweza kumfaa. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye uteuzi na ukumbi. Matangazo tutayapita haraka, maana hayo kila mwandaaji huyakimbilia bila kuambiwa.

1. Jua una dakika ngapi

Piga hesabu kabla hujatangaza chochote. Ijumaa jioni vipindi 2, Jumamosi 4, Jumapili 3: jumla 9. Toa kimoja cha warsha na kimoja cha tuzo, vinabaki 7. Kipindi kimoja ni saa mbili na dakika kumi, yaani filamu dakika 85, mazungumzo dakika 25, na dakika 20 za kutoa watu na kuingiza wengine. Filamu ndefu mbili zinachukua vipindi viwili. Vile vitano vinavyobaki vinabeba filamu fupi sita kila kimoja kwa wastani wa dakika 14. Basi una nafasi ya filamu fupi 30, na namba hiyo ikae ukutani.

Kinachoharibika hapa ni kile kile kila mara: kamati inaipenda filamu ya saba, inaichomeka, na dakika zake zinakatwa kwenye mazungumzo. Mwongozaji aliyepanda ndege mbili anaishia kuulizwa swali moja huku watu wa kipindi kinachofuata wamesimama mlangoni.

2. Kalenda ya miezi kumi na miwili

Miezi 12 kabla, hifadhi ukumbi kwa maandishi na ulipe malipo ya awali. Angalia tarehe isigongane na sikukuu za dini, uchaguzi, au tamasha kubwa la jirani litakalokunyang'anya wageni na mafundi. Miezi 10 kabla, fungua mlango wa kupokea filamu. Miezi 6 kabla, ufunge. Kutazama na kuchagua kuwe kumekwisha ifikapo mwezi wa nne kabla ya tamasha, na majibu yatoke wiki mbili baadaye.

Mapema hivyo yote ni kwa sababu ya viza. Waongozaji wengi wa tamasha la namna hii husafiri kwa pasipoti ambazo foleni yake ubalozini ni ndefu, na barua ya mwaliko inayotumwa wiki tatu kabla haina kazi. Barua yenyewe iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, mahali pa kulala, nani analipa nini, jina la filamu na saa itakayoonyeshwa, na sahihi kwenye karatasi yenye nembo. Ukiandika "tutagharamia" bila kutaja ni kipi, afisa wa viza atasoma kwamba hakuna anayegharamia.

3. Sheria za kupokea filamu

Andika sharti kuu kwa sentensi moja: filamu iwe imeongozwa na mwanamke mweusi au mwanamke mwingine asiye mzungu, kwa jinsi anavyojitambulisha mwenyewe. Usidai uthibitisho wa rangi wala wa jinsia, ni udhalilishaji na hauna faida. Walioongoza wawili, mmoja akitimiza sharti inatosha, mradi anatajwa kuwa mwongozaji ndani ya filamu yenyewe. Hapa kuwa macho: kuna kampuni huandika jina la mwanamke kwenye fomu tu, kumbe mwishoni mwa filamu anatajwa kama msaidizi. Linganisha fomu na majina ya mwisho kabla filamu haijaenda kwa watazamaji wa kamati. Sheria za kupinga ubaguzi pia hutofautiana nchi kwa nchi, hasa kwenye ruzuku na zawadi za fedha, hivyo mwanasheria aisome sentensi hiyo kabla haijatoka.

Filamu fupi isizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, ambao ndio ukomo wa Akademi, ili mtu asilazimike kukata nakala nyingine kwa ajili yako. Iwe imekamilika ndani ya miezi 24. Lugha yoyote, lakini iwe na manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa lugha ya watazamaji wako.

Usidai onyesho la kwanza, yaani filamu isiwe imeonyeshwa kwingine kabla yako. Tamasha kubwa lina cha kumlipa mwongozaji anayelisubiri. Tamasha dogo linalong'ang'ania onyesho la kwanza linamfungia milango tu.

Ada ya kuomba ndiyo huleta ugomvi. Ukitumia jukwaa la mtandaoni la kupokea filamu kama FilmFreeway, unaweza kuweka ada tofauti kwa kila kipindi cha maombi na kutoa misimbo ya msamaha, ambayo mwombaji huiandika ili asilipe ada. Toa misimbo hiyo waziwazi, kwenye ukurasa ule ule wa masharti, na usimwandikishe mtu insha ya umaskini wake. Swali moja linatosha: je, ada hii inakuzuia kuomba? Akijibu ndiyo, mpe msimbo. Wachache watakudanganya, na hasara yake ni ndogo kuliko ya kumkosa aliyeona aibu kuomba.

Kwenye haki, omba unachohitaji tu: ruhusa isiyo ya pekee ya kuonyesha filamu mara mbili ndani ya siku za tamasha, na kipande kisichozidi sekunde 60 kwa matangazo. Kifungu cha "kwa matumizi yoyote ya tamasha" kifutwe, hata kama kimenakiliwa kutoka kwa tamasha lenye jina kubwa. Mwombaji naye athibitishe kwa maandishi kwamba muziki wote una leseni ya kuonyeshwa hadharani. Wimbo unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi au mchapishaji wake na ya mwenye rekodi, na wengi huwa na moja tu.

4. Kutazama na kuchagua

Zikija filamu 300 zenye wastani wa dakika 15, hizo ni saa 75. Kila filamu itazamwe na watu wawili, zinakuwa 150. Watazamaji kumi wanagawana saa 15 kila mmoja, sawa na saa mbili na nusu kwa wiki katika wiki sita. Ukiwa na watazamaji wanne, hesabu inawashinda kufikia wiki ya tatu, na kuanzia hapo filamu zitaanza kukatwa kwa dakika tatu za mwanzo bila mtu kusema.

Masharti ya kutazama yawe machache na yafuatwe. Filamu fupi itazamwe hadi mwisho. Filamu ndefu isiachwe kabla ya dakika 30, na kuiacha kukubaliwe na watu wawili waliotazama kila mmoja kivyake. Tumia vipokea sauti vya masikioni, si spika za laptopu. Usizidi saa mbili kwa mkao mmoja, maana filamu ya tisa ya usiku huadhibiwa kwa makosa ya zile nane. Mwenye undugu, kazi au deni na mwombaji aseme, filamu iende kwa mwingine.

Alama ziwe 1 hadi 5 katika mambo matatu tu: uongozaji, simulizi, na kama filamu ina jambo ambalo nyingine haina. Chini yake sentensi mbili za maelezo. Picha na sauti ziandikwe pembeni bila kuingia kwenye jumla, kwa sababu vinginevyo utakuwa unapima bajeti. Sauti isiyosikika ni kasoro ya kweli. Kukosa picha ya droni si kasoro.

Halafu jambo ambalo kamati nyingi hukosea: wastani. Filamu iliyopewa 5 na mmoja na 1 na mwingine ina wastani sawa na iliyopewa 3 na wote wawili, ila ya kwanza imemtikisa mtu. Zitoe zote zenye tofauti ya alama mbili au zaidi, mtu wa tatu azione, kisha zijadiliwe mkutanoni hata kama jumla yake ni ndogo. Mara kwa mara filamu iliyotengenezwa kwa mila za usimulizi ambazo kamati haizijui huangukia kwenye fungu hilo, ikaambiwa ni ya polepole. Ndiyo sababu kamati isitoke mtaa mmoja na chuo kimoja.

Aliyekosa aandikiwe kabla orodha haijatoka hadharani. Hakuna anayestahili kujua kwa kutoliona jina lake kwenye bango.

5. Kupanga vipindi

Usipange kwa mada ya mateso: wakimbizi hapa, ukatili pale, ugonjwa kule. Kipindi cha filamu sita za msiba hukausha ukumbi, na filamu ya nne haisikilizwi tena hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote. Changanya. Fungua na filamu ya dakika 8 hadi 12 inayoshika mapema, weka iliyo ngumu zaidi nafasi ya tatu, na ndefu kuliko zote iwe ya mwisho. Kichekesho kisikae mara baada ya filamu iliyoishia kwenye kifo, zote mbili zitaumia. Acha sekunde tano za giza kati ya filamu na filamu.

Ukiweza, kipindi kimoja kiwe cha filamu ya zamani. Losing Ground ya Kathleen Collins ilikamilika mwaka 1982, haikupata kusambazwa kwenye kumbi za sinema wakati huo, na ilirudi kwa watazamaji mwaka 2015 baada ya binti yake kuokoa nakala asili. Filamu nyingi za wanawake hawa zina historia kama hiyo, kwa hiyo unapotafuta haki anza na familia na msambazaji wa mwisho anayejulikana, na utenge miezi mitatu ya barua.

6. Mafaili

Uliza ukumbi kwanza unacheza nini. Wenye seva ya sinema unataka DCP, kifurushi cha kidijitali cha sinema. Usio nayo utatumia kompyuta na projekta. Kwa vyovyote, omba kila mwongozaji vitu vitatu: DCP kama anayo, faili la video la ubora wa juu la ProRes 422 HQ la 1920 kwa 1080, na nakala ndogo iliyobanwa ya H.264 ya megabiti 20 kwa sekunde kama akiba. Manukuu yawe yamechomwa kwenye picha, na faili la SRT, lenye maandishi ya manukuu peke yake, lije kando.

DCP ya 2K ni 1998 kwa 1080 au, kwa picha pana, 2048 kwa 858. Kasi yake ya juu ni megabiti 250 kwa sekunde, karibu gigabaiti 1.9 kwa dakika. Iwe ya fremu 24 kwa sekunde. Filamu iliyopigwa kwa fremu 25 ikipunguzwa kuwa 24 inarefuka kwa asilimia 4, hivyo dakika 10 zinakuwa 10 na sekunde 25, na sauti inazama kidogo isiporekebishwa. Ya 23.976 ikipelekwa 24 bila sauti kufuata, midomo na maneno vinaachana kwa sekunde 3.6 kila saa. Kwa filamu fupi tofauti huanza kuonekana mwishoni, ndiyo maana kujaribu dakika ya kwanza peke yake hakutoshi.

Diski ya DCP iandaliwe kwa mfumo wa ext2 au ext3. Ya exFAT, ambayo ndiyo diski nyingi hununuliwa nayo, seva nyingi haziisomi kabisa, na jambo hilo hugundulika asubuhi ya onyesho. Kataa DCP zilizofungwa kwa ufunguo kwa filamu fupi. Ufunguo una saa ya kuanza na kuisha, na tofauti ya majira imeshazima maonyesho mengi.

Kwa kompyuta, unganisha filamu za kipindi kimoja kuwa faili moja, na faili moja moja ziwe kwenye folda ya pili endapo kuna badiliko. Zima arifa, skrini ya kupumzika, masasisho na hali ya kuokoa chaji. Chomeka umeme. Kebo ya kawaida ya HDMI ikizidi mita 10 huanza kukatakata. Zaidi ya hapo tumia ya nyuzi za mwanga.

7. Nyuso kwenye skrini

Hatua hii hurukwa, nayo kwa tamasha la aina hii haifai kurukwa. Kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi za picha kwa kadi za majaribio zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mzungu. Kamera zimebadilika, lakini projekta dhaifu kwenye ukumbi wenye mwanga unaopenya bado humeza ngozi nyeusi kwanza, kabla ya kingine chochote.

Anza na mwanga. Sinema hulenga kandela 48 kwa mita ya mraba katikati ya skrini. Skrini ya kawaida ya mita 4 kwa 2.25 inahitaji lumeni 1,360 (kipimo cha mwanga wa projekta) zinazofika kweli, katika giza kamili. Taa inayozeeka na hali za rangi hula karibu nusu, hivyo tafuta projekta ya lumeni 3,000, na 5,000 kama madirisha hayazibiki vizuri. Ziba madirisha kwa kitambaa kizito kinachopita fremu kwa sentimita 20 kila upande. Taa za njia ya kutokea usiziguse.

Kisha kagua mpangilio wa rangi nyeusi ya picha. Kompyuta inaweza kutuma picha kwa viwango vya 0, yaani nyeusi tupu, hadi 255, yaani nyeupe kabisa, huku projekta ikisubiri 16 hadi 235. Hapo kila kilicho chini ya 16 kinakuwa cheusi tupu. Ikiwa ni kinyume, picha nzima inakuwa ya kijivu kama imepakwa majivu. Mpangilio huu uko kwenye menyu ya projekta na kwenye kadi ya picha ya kompyuta, na lazima vifanane.

Jaribio: toka kila filamu chukua tukio lake la giza kuliko yote lenye uso wa mtu, ulisimamishe, ukae safu ya katikati. Angalia mstari wa sikio unaachana na nywele, na upande wa shavu ulio kivulini bado una umbo. Vikipotea, rekebisha projekta kwanza. Ukikwama, mpigie mwongozaji umuulize ilivyokusudiwa. Huenda alitaka giza hilo, na hilo ni lake kuamua.

8. Sauti na manukuu

Filamu ya stirio kwenye sinema hutoa maneno kushoto na kulia bila spika ya kati, na aliyekaa pembeni husikia upande mmoja. Muulize fundi kama anaweza kuyaelekeza katikati. Filamu za kipindi kimoja hutofautiana ukali, hivyo pima kila moja kwa mazungumzo ya kawaida, si kwa muziki, ukiwa safu ya nyuma kabisa, na uandike namba ya kila filamu kwenye karatasi ya fundi. Ukumbi uliojaa hunyonya sauti, ongeza kidogo.

Manukuu yasizidi mistari miwili yenye herufi kama 40 kila mmoja. Kwenye sakafu isiyo na mteremko, ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.3 au zaidi kutoka chini, la sivyo vichwa vya safu ya pili vinakula tafsiri.

9. Pesa

Mgawanyo tunaoupendekeza: ukumbi na mitambo asilimia 30, waongozaji 30, wafanyakazi 15, matangazo 10, vibali na bima 5, dharura 10. Wadhamini wakipungua, mkono usiende kwanza kwenye fungu la waongozaji. Punguza siku iwe moja na nusu, au filamu ziwe 18 badala ya 30, lakini kila anayeonyeshwa alipwe kiasi kile kile, kimeandikwa kwenye barua ya kukubaliwa, na alipwe kabla ya siku ya kufunga. Tenga pia chumba na mlezi wa watoto saa zote za vipindi. Anayenyonyesha hawezi kukaa mazungumzo mpaka saa tano usiku, na wapo waongozaji ambao hukosa matamasha kwa sababu hiyo tu.

10. Mazungumzo na mikutano

Waongozaji sita jukwaani kwa dakika 25 ni dakika nne kila mmoja. Mwendeshaji aje ameziona filamu zote, na kwa kila mtu awe na swali moja la kazi yenyewe: kwa nini kamera haikumfuata mama alipotoka chumbani, sauti ya mvua ilirekodiwa wapi. Swali la "unajisikiaje kuwa mwanamke katika tasnia hii" likae nyumbani. Maikrofoni mbili kwa watazamaji, na mshikaji asiiachie.

Mikutano ya ana kwa ana na watayarishaji, wasambazaji na wafadhili iwe ya dakika 15, minne kwa saa, na kila upande utumiwe ukurasa mmoja kuhusu mwenzake siku tano kabla. Ukimkutanisha mwenye filamu fupi ya katuni na mnunuzi wa makala za televisheni, umewapotezea wote muda.

11. Wiki mbili baada ya kufunga

Kila mwongozaji apate barua yenye idadi ya waliokaa kwenye kipindi chake, picha mbili za jukwaani zenye ruhusa ya kutumia, na majina ya wageni wa tasnia waliokubali kutafutwa. Idadi iwe ya kweli, hata kama ni watu 23. Wafadhili wa filamu yake ijayo watamuuliza. Diski zirudishwe kwa posta yenye namba ya kufuatilia, mafaili yafutwe kwenye kompyuta ya ukumbi na kwenye hifadhi yenu ya mtandaoni, na linki za kutazama za waliokosa zifutwe kwenye barua pepe za watazamaji wa kamati pia. Hizo za mwisho ndizo husahaulika.